Piga! Kisa cha Toronto na kipa wa dharura

Jumamosi usiku, tarehe 22 Februari 2020, Toronto Maple Leafs walikuwa nyumbani, Scotiabank Arena, wakicheza na Carolina Hurricanes mechi ya hoki ya barafu ya NHL, ligi kuu ya mchezo huo Amerika Kaskazini. Kabla kipindi cha pili kati ya vitatu hakijaisha, makipa wote wawili wa Carolina walikuwa wameumia. Golini akaingia David Ayres, mtu wa miaka 42 aliyepandikizwa figo ya mama yake mwaka 2004, na ambaye riziki yake ilitokana na kusimamia ukumbi wa barafu na kuendesha Zamboni, lile gari linalokwangua barafu na kuilainisha. Toronto walikuwa na dakika 28 na sekunde 41 za kumshambulia. Walipiga mashuti 10 yaliyolenga goli. Mechi ikaisha 6–3, Carolina wakaondoka na ushindi.

Shabiki wa Toronto amezoea kufungwa, ila kipigo hiki kimekaa peke yake kabatini. Kila Februari picha zake huzunguka upya mitandaoni, na wanaozisambaza hucheka jambo lile lile: wachezaji wa mamilioni wamenyanyaswa na dereva wa gari la barafu. Kicheko chenyewe ni halali, lakini kinalipita jambo la msingi. Ayres hakufunga bao lolote. Mabao sita ya Carolina yaliingia kwa Frederik Andersen, kipa wa Toronto, aliyepigiwa mashuti 47 akaokoa 41. Na upande wa pili wa barafu, timu yenye washambuliaji wakali kuliko karibu wote kwenye ligi ilikuwa na kipa wa ridhaa mbele yake, ikaacha kupiga. Hapo ndipo penye kidonda, na hapo ndipo pa kuchambua.

Mashabiki wa hoki duniani kote wana neno moja wanalolipayuka timu yao inapokuwa na paki, kile kisahani kinachopigwa kwa gongo, mbele ya goli la wapinzani: Piga! Makocha hawalipendi, na mara nyingi wana haki. Usiku huo mashabiki ndio waliokuwa na haki, na inawezekana kuonyesha kwa hesabu kwa nini.

Kipa wa dharura anatoka wapi

Timu ya ligi ya NHL huvaa makipa wawili kila mechi, mmoja golini na mwingine benchi. Wakiumia wote, kanuni inairuhusu timu kumvalisha kipa yeyote anayepatikana na asiyefungwa na mkataba wa timu nyingine. Kwa miaka mingi jambo hili lilifanywa kienyeji. Mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 2016, Carolina hao hao walimwingiza mtunza vifaa wao, Jorge Alves, akadaka kwa sekunde chache za mwisho za mechi. Baadaye ligi ikaweka utaratibu: timu mwenyeji lazima iwe na kipa wa dharura ndani ya uwanja, na kipa huyo ni wa yeyote atakayemhitaji, mwenyeji au mgeni.

Kwa hiyo Ayres alikuwa kipa aliyeandaliwa na Toronto. Alikuwa akifanya mazoezi na timu ndogo ya Toronto, Marlies, na mara nyingine na Maple Leafs wenyewe. Wachezaji waliomkabili usiku ule walikuwa wamewahi kumpigia mazoezini. Alipoingia alivaa jezi ya Carolina namba 90, lakini pedi na kofia yake ya chuma vilikuwa vya rangi na nembo za Toronto, kwa kuwa ndivyo vifaa alivyokuwa navyo. Malipo ya kazi hiyo yalikuwa dola 500 na jezi ya kubaki nayo.

Ni vizuri kulisema hili waziwazi kwa sababu habari ya "dereva wa Zamboni" ni nusu ya ukweli. Ayres alikuwa kipa wa kweli, mwenye mbinu za kipa, aliyezoea kuona mashuti ya wachezaji wa kulipwa yakija. Alichokosa ni mechi. Mazoezini mshambuliaji anapiga kwa zamu, kipa anajua shuti linatoka wapi, na akitema hakuna mtu wa kumalizia. Kwenye mechi vyote vitatu vinageuka.

Dakika zenyewe

James Reimer aliumia kwanza, mapema kipindi cha kwanza, kwenye msukosuko wa wachezaji mbele ya goli lake. Petr Mrázek akachukua nafasi, na huko ndani Ayres akaanza kuvaa, kama utaratibu unavyotaka kipa mmoja anapotoka. Kipindi cha pili, zikiwa zimesalia dakika 8 na sekunde 41, Mrázek alitoka mbali kuifuata paki iliyokuwa haina mwenyewe. Kyle Clifford wa Toronto alikuwa anaifuata pia, kwa kasi. Wakagongana, Mrázek akabaki chini.

Matokeo yalikuwa 3–1, Carolina wakiongoza. Na hapa kuna jambo ambalo shabiki wa Toronto hulisahau akikumbuka uchungu wa usiku ule: mgongano uliomleta Ayres golini ndio uliompeleka Clifford kwenye kibanda cha adhabu. Carolina wakapata kucheza wakiwa watano dhidi ya wanne, na Teuvo Teräväinen akafunga la nne. Kwa hiyo dakika za kwanza za kipa wa ridhaa, zile ambazo miguu yake ilikuwa bado haijachangamka na mikono imekufa ganzi kwa wasiwasi, Toronto walizitumia kujilinda. Hizo ndizo zilizokuwa za thamani kuliko zote.

Halafu mambo yakawa kama kila mtu alivyotarajia. John Tavares akapiga, ikaingia. Pierre Engvall akapiga, ikaingia. Mashuti mawili ya kwanza kwa Ayres, mabao mawili. Kipindi cha pili kikaisha 4–3.

Timu mbili zikaenda mapumziko. Toronto walihitaji bao moja kusawazisha, na walikuwa na dakika 20 dhidi ya kipa aliyeokoa shuti moja tu mpaka wakati huo. Mapema kipindi cha tatu Warren Foegele akaipa Carolina la tano, kisha Martin Nečas akaongeza la sita. Toronto, kwa kipindi kizima, walifikisha mashuti saba golini. Ayres akaokoa yote saba. Akatangazwa mchezaji bora wa mechi, akiwa kipa wa dharura wa kwanza katika historia ya NHL kuhesabiwa ushindi kwenye msimu wa kawaida.

Tazama mgawanyo wa mashuti. Kwa mechi nzima Toronto walipiga 26. Toa yale 10 ya Ayres, zinabaki 16, zilizopigwa kwa Reimer na Mrázek ndani ya dakika 31 na sekunde 19. Hiyo ni karibu shuti moja kila dakika mbili kwa makipa wa kulipwa. Kwa kipa wa ridhaa, shuti moja kila karibu dakika tatu. Kipa alidhoofika, na mashuti yakapungua.

Kipa baridi anafungwa vipi

Goli la hoki lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Kipa akipiga magoti na kutandaza pedi zake, sehemu yote ya chini imezibwa isipokuwa pembeni kabisa na pale katikati ya miguu, panapopigwa tobo. Paki ni kisahani cheusi cha mpira mgumu chenye unene wa sentimita 2.54, upana wa sentimita 7.62, na uzito wa gramu 156 hadi 170. Shuti zito la mchezaji wa NHL huenda zaidi ya kilomita 140 kwa saa. Kutoka mstari wa bluu, ule unaotenga eneo la ulinzi la kila timu, mita 19.5 hivi kutoka mstari wa goli, shuti kama hilo hufika ndani ya nusu sekunde. Kutoka mita sita, halichukui hata moja ya tano ya sekunde.

Hakuna binadamu anayelifuata kwa macho shuti la mita sita na kuamua baada ya kuliona. Kipa huishi kwa kusoma mapema: bega la mpigaji, pembe ya gongo, mahali paki ilipo ukilinganisha na mguu. Anajiweka tayari kabla paki haijaondoka. Usomaji huo unatokana na kuona wapigaji wengi kwa kasi ya mechi, wiki hadi wiki. Mtu asiye na mechi anasoma kwa kuchelewa kidogo, na kuchelewa huko huonekana sehemu tatu.

Ya kwanza ni mwendo wa upande kwa upande. Paki ikipigwa pasi kutoka nguzo moja kwenda nyingine, kipa anatakiwa asukume kwa mguu mmoja, avuke goli lote na afike akiwa bado amesimama imara. Kipa wa kulipwa hufika na kusubiri. Wa ridhaa hufika akiwa bado anateleza, pengo likiwa wazi nyuma yake.

Ya pili ndiyo kubwa, nayo ni kutema. Kuzuia shuti ni kazi nusu. Nusu ya pili ni kuamua paki iende wapi baada ya kuizuia. Kipa mzuri huilaza chini ya glavu, huimeza tumboni, au huisukuma kwa pedi hadi kona ambako hakuna adui. Kipa ambaye hajachangamka huiacha iruke mbele, mita mbili au tatu kutoka golini, naye bado yuko chini kwa magoti. Shuti la pili kutoka pale ni bao karibu la bure. Ndiyo maana kwa kipa wa aina hii shuti hafifu lina faida: hulipigi ili liingie, unalipiga chini, kwenye pedi ya mbali, ili litemwe upande ambao mwenzako ameshafika.

Ya tatu ni macho. Weka mchezaji mmoja mkubwa mbele ya kipa, amzibe. Kipa wa kulipwa amezoea kuchungulia kupitia mapengo ya miguu na viwiko. Asiyezoea hukisia, na akikisia anaenda chini mapema, ukapata sehemu yote ya juu.

Ukiyaweka pamoja, mpango dhidi ya Ayres ulikuwa unaandikika kwenye kipande cha karatasi: paki ifike golini kila inapovuka mstari wa bluu, iwe chini, pawe na mtu mmoja mbele ya macho yake na mwingine kwenye nguzo ya mbali, na ikipigwa nyuma ya goli alazimishwe kutoka kuicheza. Pasi za ziada ziachwe. Hata kona zisizo na pembe zitumike, kwa sababu shuti lisilo na pembe likimgonga mguuni huzaa vurumai mbele ya goli.

Kwa kawaida kelele ya "Piga!" haina msaada. Shuti la mbali, kipa akiwa anaona vizuri, huingia mara chache mno, na kila shuti lililozuiwa ni paki umeitoa kwa hiari. Kwenye msimu ule wa 2019–20 makipa wa ligi kwa jumla waliokoa takriban mashuti 91 kwa kila 100. Dhidi ya ukuta wa namna hiyo ni busara kumiliki, kuzungusha, kusubiri pengo la mbele ya goli. Toronto wa kocha Sheldon Keefe walijengwa kwa busara hiyo, na iliwalipa: Auston Matthews peke yake alifunga mabao 47 katika mechi 70 msimu huo.

Lakini hesabu ya kumiliki inasimama juu ya ile 91. Ayres aliokoa 8 kati ya 10. Mashuti kumi ni machache sana kumpimia mtu, basi mpe nafuu, sema angeokoa 85 kwa kila 100. Kwa mashuti 20 yanaingia matatu. Kwa saba, linaingia moja hivi. Thamani ya kila shuti ilikuwa imepanda zaidi ya mara moja na nusu, na timu ikaendelea kuuza kwa bei ya jana.

Kwa nini hawakupiga

Sehemu ya jibu ni Carolina, na shabiki mwadilifu lazima aikubali. Timu ya kocha Rod Brind'Amour ilikuwa inacheza kwa kubana mtu kwa mtu barafu nzima, na baada ya Ayres kuingia iliikaza zaidi njia hiyo. Ulinzi wao ulifanyika mbali na goli lao. Mashuti 47 yana maana kwamba paki ilikaa upande wa Toronto, na paki ikiwa huko, kipa wako anaweza kuwa mtu yeyote. Kila Toronto walipoitoa kwao walikutana na magongo katikati ya uwanja. Mabeki wa Carolina walisimama kwenye mstari wao wa bluu na kukataa mtu asiingie na paki miguuni. Aliyefanikiwa kuingia alisukumwa pembeni. Na kilichotemwa, beki wa Carolina alikuwa wa kwanza kukifikia. Wachezaji watano walicheza wakijua kwamba wa sita ni mgeni wao na lazima alindwe, na hakuna mazungumzo ya ubao yanayoweza kuwapa timu umakini wa namna hiyo.

Sehemu inayobaki ni ya Toronto wenyewe. Timu inayoishi kwa pasi nzuri huishika pasi hiyo zaidi pale inapokuwa na hofu. Dhidi ya Ayres hapakuwa na cha kupata: ukimfunga, ulimfunga dereva, asipofungika, utachekwa maisha. Mchezaji aliyebeba mzigo wa namna hiyo hutafuta bao lisilo na ubishi, lile la goli tupu, hivyo anaongeza pasi moja. Mwenzake naye anaongeza. Pasi ya tatu inakatwa. Unaona paki ikizunguka kwenye ukingo, kutoka winga hadi kwa beki, kwa beki mwingine, kurudi kona, na benchi zima limesimama, na hakuna aliyeitupa kule kwenye pedi za yule bwana.

Pia kuna suala la njia ya kuingia. Kubanwa katikati ya uwanja kuna dawa inayojulikana: tupia paki nyuma ya goli, mfuate beki, mgonge, shindana kwenye kona. Ni kazi ya jasho na si nzuri machoni. Dhidi ya kipa wa kulipwa dawa hiyo ina udhaifu, kwa kuwa kipa hutoka, huisimamisha paki nyuma ya goli na kumwachia beki wake kiulaini. Dhidi ya kipa wa dharura udhaifu huo unaondoka. Akitoka anaweza kukosea. Asipotoka, mabeki wake hawana msaidizi. Toronto walikuwa na wachezaji wa kazi hiyo, Clifford akiwa mmoja wao, aliyeletwa kutoka Los Angeles wiki mbili na nusu kabla. Wakaendelea kujaribu kuingia kwa pasi.

Kumbuka pia walivyokuwa siku mbili kabla. Tarehe 20 Februari waliifunga Pittsburgh Penguins 4–0. Siku tatu baada ya Ayres waliifunga Tampa Bay Lightning 4–3. Timu iliyo katikati ya ushindi wa aina hiyo haiwezi kusemwa haina uwezo, na hapo ndipo shabiki anapochanganyikiwa. Timu mbovu tupu haimsumbui mtu. Unaipenda, unaizoea, unalala. Hii inakuonyesha Alhamisi inachoweza, kisha inakinyima Jumamosi.

Uchungu wa shabiki una daftari

Ubingwa wa mwisho wa NHL wa Toronto, Kombe la Stanley, ulikuja tarehe 2 Mei 1967, ligi ikiwa bado ya timu sita. Tangu 2004 mpaka usiku wa Ayres hawakuwa wameshinda hatua hata moja ya mtoano. Tarehe 13 Mei 2013, mechi ya saba mjini Boston, waliongoza 4–1 katika kipindi cha tatu. Nathan Horton akafunga la pili la Boston zikiwa zimesalia dakika 10 na sekunde 42; Milan Lucic na Patrice Bergeron wakafunga mawili ndani ya sekunde 31 kwenye dakika ya mwisho na nusu, kipa wa Boston akiwa ametolewa ili aongezwe mshambuliaji; kisha Bergeron akamaliza kazi dakika ya saba ya muda wa nyongeza. Kipa wa Toronto siku hiyo alikuwa James Reimer. Ndiyo, huyo huyo ambaye miaka saba baadaye kuumia kwake kulimvalisha Ayres pedi.

Boston wakawatoa tena kwa mechi ya saba mwaka 2018, na tena 2019. Katikati ya hapo klabu ilimsajili Tavares, Julai 2018, kwa dola milioni 77 za miaka saba. Msimu wa Ayres, Tavares, Matthews, Mitch Marner na William Nylander walibeba kwa pamoja takriban dola milioni 40.5 za kikomo cha mishahara cha milioni 81.5. Nusu ya fedha kwa wachezaji wanne, wote washambuliaji, wote wakiwa kazini usiku ule dhidi ya mtu wa dola 500.

Shabiki anayekaa na timu kama hii anahitaji kitu cha kufanya kwa mikono yake zaidi ya kujishika kichwa. Kalamu inasaidia. Gawanya karatasi safu tatu kwa kila kipindi. Safu ya kwanza, weka alama kila timu yako inapovuka mstari wa bluu ikiwa na paki kwenye gongo. Usihesabu za kutupia. Ya pili, kila shuti lililojaribiwa, hata lililozuiwa na beki au lililotoka nje. Ya tatu, kila mara mchezaji wako wa pili alipoifikia paki iliyotemwa. Ikiwa safu ya kwanza ni ndefu na ya pili fupi, timu inapamba. Zikiwa mbili za kwanza ndefu na ya tatu tupu, inapiga lakini hakuna anayekwenda mbele ya goli. Ikiwa ya kwanza yenyewe ni tupu, kelele zako za "Piga!" haziwahusu washambuliaji, shida iko katikati ya uwanja, kwa mabeki wanaotoa paki vibaya. Irudie mechi ya Ayres kwa karatasi hiyo, kipindi cha tatu peke yake, na utaona kwamba safu ya kwanza ni fupi kuliko ulivyokuwa unadhani, na ya tatu karibu haina kitu. Hasira inapata anwani sahihi: kidogo kwa wale wanne wa mamilioni, zaidi kwa namna timu nzima ilivyoitoa paki kutoka kwao.

Kilichofuata

Gongo la Ayres lilipelekwa kwenye Hockey Hall of Fame, makumbusho ya hoki, ambayo ipo Toronto kwenyewe, mwendo mfupi kwa miguu kutoka uwanja ule. Shabiki wa Maple Leafs anayewapeleka watoto kuona Kombe la Stanley lililo humo anajua kuna na gongo lile.

Msimu ulisimamishwa tarehe 12 Machi kwa sababu ya korona, ukarudi Agosti bila watazamaji. Toronto walicheza mechi tano za kufuzu na Columbus Blue Jackets, uwanjani kwao. Walifungwa ya kwanza 2–0. Ya tatu waliongoza 3–0 wakapoteza 4–3 kwenye muda wa nyongeza. Ya nne wakageuza kibao kwa namna ile ile, wakiwa nyuma 3–0 wakasawazisha ndani ya dakika nne za mwisho na kushinda 4–3 kwenye muda wa nyongeza. Tarehe 9 Agosti, mechi ya kuamua, walifungwa 3–0. Mechi tano, mbili bila bao, dhidi ya timu iliyobana katikati na kuwasukuma pembeni kama Carolina walivyofanya Februari. Aliyeitazama kipindi cha tatu cha Ayres kwa makini alikuwa amekwisha kuuona ugonjwa. Kipa wa kulipwa aliufanya uonekane wa kawaida.

Hatua ya kwanza ya mtoano tangu 2004 waliivuka tarehe 29 Aprili 2023, Tavares akiifunga Tampa Bay kwenye muda wa nyongeza. Bao lenyewe ni la kutazamwa na kila aliyepiga kelele usiku wa 2020: Tavares aligeuka, akaipiga paki kuelekea golini penye watu, ikababatiza njiani, ikaingia.

Kuhusu makipa wa dharura, makubaliano mapya ya ligi na wachezaji yaliyofikiwa mwaka 2025 yanazitaka timu kuwa na kipa wa dharura wa kuajiriwa, anayesafiri na kufanya mazoezi na timu, kuanzia msimu wa 2026–27. Atakuwa mtu anayepigiwa kila siku na wachezaji wa kulipwa, kwa hiyo hatakuwa baridi kama Ayres alivyokuwa zile dakika za kwanza. Mpango wa kumshambulia unabaki ule ule, shuti la chini, pedi ya mbali, mtu kwenye macho, ila dirisha lake litakuwa fupi zaidi, na timu itakayotumia dirisha hilo kupiga pasi italifunga kwa mikono yake.